Nimechora vikwazo vyote vya kitekeo cha maji delta ya Malagarasi, ramani imebaki nyekundu tupu. Nilegeze kipi?

#1 Mpimaji_Uvinza
Wakuu, habari za asubuhi.

Nimepewa kazi ya kutafuta mahali pa kuweka kitekeo (sehemu ya kuvutia maji kutoka mtoni), nyumba ya pampu na tenki kwa ajili ya vijiji vitatu vya delta ya Malagarasi, kule mto unakoingia Ziwa Tanganyika, kusini mwa mji wa Kigoma. Nina wiki mbili nimekaa na QGIS, programu ya kuchora ramani. Nimeweka leya (matabaka ya ramani) moja moja: mita 60 kutoka ukingo wa mto, mita 60 kutoka ziwani, sehemu zinazofurika, mabwawa ya matete na mafunjo, mashamba ya mpunga, michikichi, makaburi, makazi, mapito ya viboko, njia zisizopitika masika. Kila kikwazo nikakipaka nyekundu. Jana usiku nikawasha leya zote kwa pamoja. Ndani ya kilomita mbili kutoka kwenye maji hakuna kipande cha kijani hata cha ukubwa wa uwanja wa mpira. Kipo kimoja tu, kilimani, kilomita sita, na umeme haujafika.

Wiki iliyopita nilikuwa ukingoni saa kumi na mbili asubuhi. Wanachota ndani ya uzio wa fito zilizochomekwa matopeni kuzuia mamba, upana wake mtumbwi mmoja. Mama mmoja anainama na ndoo, mwenzake amesimama nyuma yake anapigapiga maji kwa fimbo. Halafu wanabadilishana. Kwa hiyo siwezi kurudisha ripoti inayosema "hakuna mahali".

Jambo la pili: mita kama mia mbili kutoka hapo kuna pampu ya mradi wa zamani. Nimeikuta imefukiwa na mchanga mpaka shingoni, limebaki gurudumu la vali. Kila niliyemuuliza sababu alinipa jibu lake.

Wenye uzoefu nisaidieni. Kikwazo kipi ni cha kweli na kipi kinaweza kulegezwa?

#2 Kibirizi_Karabai
Nimeweka kiti. Huu uzi utakuwa mrefu.

#3 RamaniNaWatu
Mkuu, kabla hujalegeza chochote: hizo leya umezitoa wapi? Kama mito na mabwawa umeyachora kutoka kwenye zile ramani za zamani za 1:50,000, zile zimepimwa kwa Arc 1960, mfumo wa zamani wa vipimo vya ramani. GPS yako inasoma mfumo mwingine, WGS84. Ukizibandika juu ya picha ya satelaiti bila kubadilisha, kila kitu kinahama karibu mita 300, zaidi upande wa kaskazini-kusini. Sasa fikiria: unachora mstari wa mita 60 kutoka kwenye mto ambao wenyewe umekaa mita 300 pasipo pake. Umefunga shamba la mtu asiyehusika na umeacha wazi ukingo halisi.

Halafu Uvinza mjini iko kanda ya 36 ya gridi ya ramani ya UTM, delta yako iko kanda ya 35, kwa sababu longitudo 30 inapita katikati. Faili za wilaya mara nyingi zinakuja zimechanganywa. Kagua kwanza. Huenda nusu ya huo wekundu ni makosa ya kubandika.

#4 Mpimaji_Uvinza
#3 ahsante sana mkuu. Mabwawa nilichukua kwenye ramani ya zamani, mto nilichora mwenyewe kwenye picha ya satelaiti. Leo naangalia.

#5 BintiMchikichi
Mimi nimezaliwa huko unakokusema. Naomba niongelee pampu, maana baba yangu alikuwa kwenye kamati ya maji.

Ile pampu haikufukiwa siku moja. Mwaka wa kwanza ilitoa maji mazuri. Mwaka wa pili ikaanza kutapika mchanga, wakaja kubadilisha chujio. Mwaka wa tatu mkondo ukahama. Nasema ukahama, kwa macho yangu. Masika yale mto ulipasua upande wa kusini, ule mkono wa zamani ukawa bwawa la maji yaliyosimama, mchanga ukatulia pale na matete yakaota juu yake. Baba alikuwa anasema: mliweka pampu kwenye kitanda cha mto wakati mto uko safarini.

Kwa hiyo mkuu ongeza leya ya mahali mto ulipowahi kupita. Wazee watakuonyesha. Kuna mashamba ya mpunga yamejipinda kama nyoka, ule ni mto wa zamani.

#6 Kasulu_Mlimani
#5 dada yangu, heshima kwa mzee, ila mto unapasua kwa sababu umejaa udongo, na udongo unatoka huku kwetu Kasulu, juu. Milima imelimwa mpaka kileleni, miti imeisha. Mvua ikinyesha, mto wetu wa Ruchugi unakuwa na rangi ya chai ya maziwa. Udongo wote huo unateremka mpaka kwenu. Hata ungeweka pampu wapi pale deltani ingefukiwa.

#7 Nzohe
#6 hapo nakupinga kidogo. Malagarasi ni tofauti na mito mingine inayoingia ziwani. Kabla ya kufika Uvinza unapita kwenye mabwawa makubwa ya Malagarasi–Muyovozi, kuna ziwa Sagara na Nyamagoma huko. Ni eneo la kwanza la Tanzania kuingizwa kwenye orodha ya Ramsar, ya ardhi oevu muhimu duniani, mwaka 2000, zaidi ya hekta milioni 3. Mafunjo yanachuja, udongo mwingi unabaki humohumo. Ungesema Luiche, pale Ujiji, ningekubali mara moja: mto mfupi, milima iko karibu, hakuna bwawa la maana la kuuchuja.

#8 Kasulu_Mlimani
Ruchugi inaingia Malagarasi pale Uvinza, CHINI ya hayo mabwawa yako. Nani anaichuja?

#9 Nzohe
Hapo umenibana kiasi. Lakini pima: maji ya Ruchugi ni sehemu tu ya maji ya Malagarasi.

#10 Kibirizi_Karabai
Mnazungumzia udongo mmesahau ziwa. Mimi ni mvuvi. Tanganyika imepanda tangu 2020, kila mtu wa ufukweni anajua. Hapa Kibirizi kuna mahali tulikuwa tunaanika dagaa juu ya mchanga, sasa mtumbwi unapita. 2024 ziwa lilipofungwa kwa uvuvi Mei 15 hadi Agosti 15 tulikaa nchi kavu miezi mitatu tunayatazama maji tu, na yalikuwa juu kuliko nilivyowahi kuyaona.

Ziwa likipanda, mto unakosa pa kwenda. Unapunguza mwendo mapema zaidi, unamwaga mchanga ndani zaidi ya delta badala ya mdomoni. Pampu ya kina #5 ilifukiwa namna hiyo. Mto haukuhama wala kilimo cha Kasulu hakikuhusika. Ziwa lilimrudisha mto nyuma.

#11 BintiMchikichi
Kaka, pampu ilikufa kabla ya 2020. Wakati huo ziwa lilikuwa chini, tulikuwa tunatembea mbali kulifikia.

#12 Kibirizi_Karabai
Basi kama ziwa lilikuwa chini, mto ulichimba na kukata njia mpya. Bado ni ziwa!

#13 BintiMchikichi
😂 Likipanda ni ziwa, likishuka ni ziwa. Sawa kaka.

#14 MwanaUjiji
Mwakeye wakuu. Nataka kuongeza kitu ambacho kitamsaidia mleta mada kwenye ile leya ya mita 60 kutoka ziwani.

Swali langu ni dogo: mita 60 kutoka maji ya LINI?

Hapa kwetu Ujiji kuna mnara wa Livingstone na Stanley, walipokutana 1871 chini ya mwembe. Enzi hizo maji yalikuwa karibu na pale. Leo mgeni akija anauliza ziwa liko wapi, unamwonyesha mbali, mamia ya mita. Mnara haujasogea, ziwa ndilo lililoondoka. Tanganyika ina mlango mmoja tu wa kutokea, mto Lukuga, upande wa Kongo pale Kalemie. Stanley alipofika Lukuga 1876 aliukuta umezibwa na mchanga na majani, ziwa linajaa tu. 1878 ukapasuka. Ndani ya miaka kumi na kitu ziwa likashuka karibu mita 10. Mwanzoni mwa miaka ya 1960 likapanda tena, 1964 likafika juu sana. Likashuka. Na sasa limepanda tena.

Kwenye delta tambarare kama ya Malagarasi, ziwa likipanda mita moja ufukwe unahama mbali sana. Kwa hiyo mstari wako wa mita 60 ni picha ya siku moja. Andika tarehe pembeni yake.

#15 Mpimaji_Uvinza
#14 mkuu, hili limenigusa moja kwa moja. Mstari wangu nimeuchora kutoka picha ya satelaiti ya Oktoba mwaka jana. Oktoba ziwa linakuwa chini.

#16 MwanaUjiji
Ndiyo hivyo. Kwa mwaka mmoja peke yake linapanda na kushuka karibu sentimita 80, juu kabisa Aprili na Mei, chini kabisa Oktoba na Novemba. Umechora ufukwe mpana kuliko wote wa mwaka.

#17 SheriaKwanza
Naona mnaichezea hiyo mita 60 kama mpira. Kifungu cha 57 cha Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004: shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka ufukwe wa ziwa au ukingo wa mto zimekatazwa. Nyumba ya pampu ni jengo la kudumu. Tenki ni la kudumu. Hakuna kulegeza hapo.

#18 FundiPampu
#17 mkuu sheria naiheshimu, nimeona mto ulioharibiwa na watu wasioiheshimu. Lakini kitekeo kisichogusa maji ni kitekeo gani? Ndiyo maana kuna tathmini ya athari kwa mazingira, kuna NEMC, chombo cha taifa cha mazingira, kuna kibali cha kutumia maji kutoka Bodi ya Maji ya Bonde la Ziwa Tanganyika, ofisi yao ipo hapahapa Kigoma. Wewe tenganisha vitu. Bomba la kufyonza na chujio ndivyo viingie mtoni. Pampu, umeme, kemikali, tenki, mlinzi, vyote vikae nyuma ya mstari.

Mleta mada amefunga kila kitu kwenye boksi moja, kitekeo na nyumba na tenki. Ndiyo maana amekosa mahali. Chora ramani TATU. Ya kitekeo ina vikwazo vyake: kina cha maji kiangazi, mchanga, mamba, mtumbwi kugonga. Ya nyumba ya pampu ina vyake: mafuriko, nguzo ya umeme, umbali wa kufyonza, maana pampu ya juu ya ardhi haivuti kutoka chini zaidi ya mita saba hivi, fizikia haikubali. Ya tenki ni mwinuko tu na ardhi ya nani. Hicho kilima chako cha kilomita sita umekikataa kwa sababu ya umeme, na tenki halihitaji umeme!

#19 Mpimaji_Uvinza
Nimesoma #18 mara tatu. Ahsante fundi.

#20 MtuWaTabora
Sisi watu wa Tabora huo mto tunaujua, maana unapita kwetu kabla ya kufika kwenu 😄

Nimevuka daraja la Kikwete juu ya mto huo mara nyingi, lile lililofunguliwa 2015, mita 275. Ukisimama pale masika unaona maji mpaka jicho linachoka. Kabla ya hapo ilikuwa taabu. Nasema hivi kwa sababu waliojenga pale hawakusubiri kupata sehemu kavu. Kwa nini delta ishindikane? Inua nyumba ya pampu juu ya nguzo, maji yapite chini.

#21 RamaniNaWatu
#20 kuinua ni wazo zuri, swali ni kuinua KIASI GANI, na hapo mleta mada atakwama, kwa sababu naamini leya yake ya mafuriko imetokana na data za mwinuko za SRTM. Nimekosea?

#22 Mpimaji_Uvinza
Hujakosea.

#23 RamaniNaWatu
Basi sikiliza. SRTM ilipimwa na chombo cha anga kwa siku 11, Februari 2000. Kwanza ni ziwa la 2000. Pili, rada ile haikufika ardhini penye majani mengi. Inasoma karibu na vichwa vya mafunjo. Mafunjo yana mita nne, tano. Michikichi ndiyo usiseme. Kwenye ramani yako bwawa linaonekana ni kilima na shamba lililofyekwa linaonekana ni shimo. Tatu, makosa yake ni ya mita kadhaa, wakati habari nzima ya ziwa kupanda tangu 2020 ni ya mita chache. Unapima unene wa unywele kwa rula ya seremala.

Kuna data mpya zaidi za mwinuko, Copernicus ya mita 30, nayo ina majani, ingawa wapo waliojaribu kuyaondoa kwa hesabu. Ni afadhali. Ila kwa delta ardhi ipimwe kwa miguu.

#24 FundiPampu
Kwa miguu na MPIRA WA MAJI. Msicheke. Ule mpira wa plastiki mweupe tunaotumia kusawazisha msingi wa nyumba. Unajaza maji, unashika ncha huku, mwenzako anashika ncha kule, maji yanasimama sawasawa. Mpira wa mita 30, siku moja watu wawili mnasawazisha kijiji kizima.

#25 Kibirizi_Karabai
Na ziwa lenyewe ni mpira wa maji mkubwa. Asubuhi sana kabla upepo haujaamka, ziwa limelala kama sahani. Piga kigingi Ilagala kule deltani, piga kigingi Kigoma, usomeni kwa dakika ileile.

#26 Nzohe
#25 kweli, ila si kipindi cha kusi. Mei mpaka Septemba upepo wa kusini unasukuma maji kaskazini, na ukikatika ziwa linayumba kama beseni lililogongwa. Soma siku kadhaa mfululizo uchukue wastani.

#27 BintiMchikichi
Mnachotafuta kipo tayari kwenye michikichi. Nyumbani kwetu kuna mchikichi nyuma ya jiko. Shina lake lina mistari miwili ya matope yaliyokauka. Wa chini ni wa 2021, unanifika gotini. Wa juu ni wa 2024, unanifika kiunoni, na mdogo wangu alichonga alama kwa panga siku maji yalipoanza kushuka ili tusije tukabishana. Kila nyumba ina alama yake, kwa wengine ni kwenye mlango, kwa wengine kwenye ukuta wa tofali uliomeguka. Njoo na mpira wako wa maji upime alama hizo kabla watu hawajapaka chokaa upya.

#28 Mpimaji_Uvinza
#27 dada, naomba ruhusa ya kuanzia kwenu.

#29 BintiMchikichi
Karibu. Mama yupo, atakupikia migebuka kwa mawese.

#30 Kasulu_Mlimani
Uzi wa vikwazo umegeuka wa migebuka.

#31 AfyaYaJamii_Kgm
Samahani naingia kwa kuchelewa. Hakuna aliyeuliza: kwa nini ung'ang'aniwe mto? Chimbeni visima. Maji ya mto yana vimelea vya kila aina, na ufukwe wa ziwa una kichocho. Kwa kipindupindu tumezika watu, 2015 kule Kagunga wakimbizi walipokuja kutoka Burundi tuliona.

#32 MwanaUjiji
#31 visima ni sawa, lakini tukumbuke Uvinza ni nchi ya chumvi. Chemchemi za chumvi ziko pale Ruchugi inapokutana na Malagarasi, watu wamechemsha chumvi pale tangu enzi na enzi. Deltani ni mbali kidogo na pale, ila kabla hujachimba pima uchumvi.

#33 AfyaYaJamii_Kgm
Ndiyo maana nasema leya ya ubora wa maji haimo kwenye orodha ya #1. Ameweka makaburi kwa sababu ya heshima, na ni vizuri. Hajaweka vyoo vya shimo. Mafuriko ya 2024 vyoo vilifunikwa. Mahali popote vyoo vilipofunikwa, kisima kifupi ni hatari hata kama ramani inaonyesha kijani.

#34 FundiPampu
Kuna njia ya katikati: kisima kipana kwenye mchanga wa pembeni mwa mto, mita kadhaa kutoka ukingoni. Maji ya mto yanachujwa na mchanga wenyewe mpaka yafike kisimani. Ila lazima uwe mchanga. Likiwa tope la bwawa utasubiri ndoo moja mpaka jioni.

#35 SheriaKwanza
Na kisima hicho kitakuwa ndani ya mita 60. Tumerudi palepale.

#36 Nzohe
Mkuu #35, niongezee mfano wa kikwazo ambacho kweli hakikulegezwa, kwenye mto huuhuu. Kulikuwa na mpango wa umeme wa megawati 8 pale kwenye maporomoko ya Igamba, kwa fedha za Marekani za Millennium Challenge, mkataba wa 2008. Uchunguzi wa mazingira ukakuta viumbe adimu kwenye yale maporomoko. Mradi ukaachwa, fedha zikapelekwa kwenye umeme wa jua. Baadaye ukaja mwingine wa megawati 49.5, lakini ule wa kwanza ulisimama kwa sababu ya viumbe vidogo ambavyo havikuwepo kwenye ramani ya mtu yeyote mpaka alipotokea mtu wa kuvitafuta. Kwa hiyo mleta mada, kabla hujaita kikwazo "cha makaratasi", hakikisha kuna mtu aliyekwenda kuangalia.

#37 Kasulu_Mlimani
Nakubali. Ila pia hakuna aliyekwenda kuangalia ule uzio wa fito zaidi yake. Mamba wanahesabika kama kikwazo cha mradi. Kwa yule mama mwenye fimbo, KUTOKUWEPO kwa mradi ndicho kikwazo. Kwenye hesabu zenu anakaa wapi?

#38 RamaniNaWatu
#37 umesema jambo zito. Kwenye QGIS inawezekana. Acha kupaka nyekundu na kijani tu. Yapo makatazo kamili, machache: makaburi, makazi ya watu, mkondo wenyewe. Vingine vyote vipe uzito, kwa namba. Mpunga una gharama ya fidia. Michikichi fidia yake kubwa zaidi kwa sababu inachukua miaka kuzaa. Matope yana gharama ya nguzo. Na umbali wa kutembea kwenda kuchota upe uzito pia, tena mkubwa.

#39 BintiMchikichi
Na uzito huo upangwe kwenye mkutano wa kijiji, usipangwe Kigoma mjini. Mchikichi wa bibi una bei ambayo haipo kwenye jedwali la fidia.

#40 Mpimaji_Uvinza
Mrejesho wakuu. Nimebadilisha leya ya mabwawa kutoka Arc 1960. #3 alikuwa sahihi: bwawa zima lilikuwa limekaa juu ya kijiji. Limerudi mahali pake, na kumejitokeza ukanda wa kijani, mwembamba, unafuata tuta la mchanga upande wa kaskazini wa mkono wa mto. Nimetenganisha ramani tatu kama alivyosema #18. Tenki linaenda kilimani.

Lakini nimechukua pia zile picha za satelaiti za Landsat za miaka ya nyuma, nikatafuta mto ulipokuwa. Hilo tuta la kijani, mwaka 1986 lilikuwa katikati ya maji.

#41 BintiMchikichi
Si nilisema.

#42 Kibirizi_Karabai
1986 ziwa lilikuwaje? Angalia ziwa kwanza!

#43 Kasulu_Mlimani
Na udongo uliojenga hilo tuta ulitoka wapi? 🙂

#44 FundiPampu
Achimbe mita mbili aangalie. Mchanga msafi ni mto. Tope lenye mizizi ni bwawa. Konokono wa ziwani ni ziwa. Shimo litasema.

#45 Mpimaji_Uvinza
Jumamosi nashuka Ilagala na sepetu, mpira wa maji mita 30 na vigingi kumi. #27 mwambie mama nitakuwa na kijana mmoja wa kunishikia ncha ya pili. Tutaanza kwenye mchikichi, ile alama ya panga, kabla upepo haujaamka.

#46 BintiMchikichi
Ameshaambiwa. Anasema mje na viatu vya matope, njia ya nyuma ya jiko bado ina maji.